"One-off": maana yake, inavyotumika, na jinsi ya kuitia katika Kiswahili bila kupotosha

Chukua sentensi fupi ya mkataba: "A one-off fee of 50,000 shillings is payable." Wafasiri wengi wataandika, "Ada ya shilingi 50,000 italipwa mara moja." Mpe karani wa malipo aisome, atakuambia fedha zinatakiwa leo. Mpe mteja, atakuambia atatoa mara hiyo tu, basi. Wote wawili wamekisoma Kiswahili sawasawa, maana "mara moja" ni papo hapo, na ni hesabu ya mara pia. Sentensi ya Kiingereza haikuwa na utata huo: ilisema tu kwamba ada hiyo haitadaiwa tena. Umezaliwa kwenye tafsiri.

Hatua zilizo hapa chini zinamfaa anayejifunza kulitumia neno hili katika Kiingereza, na zaidi yule anayelazimika kulileta upande wetu: mfasiri, karani, mwandishi wa habari, mtengeneza menyu za simu.

Hatua ya 1: Jua "off" inafanya nini hapo

Haihusiani na kuzima taa, kushuka kwenye basi wala punguzo la bei. Ni lugha ya karakana za Uingereza. Kwenye mchoro wa kiufundi au oda ya vipuri, mafundi waliandika tarakimu na kuifuatisha na "off" kueleza idadi inayotakiwa: "6 off", tengeneza sita vya namna hii, "20 off", ishirini. "1 off" ilikuwa agizo la kutengeneza kimoja tu. Mfano wa zamani ambao kamusi huutaja ni wa 1934, kutoka kwenye kumbukumbu za chama cha wasubu vyuma wa Uingereza, nao ulihusu kielelezo cha kutengenezea kalibu, yaani umbo la kumiminia chuma kilichoyeyushwa.

Mambo ya kalibu yanasaidia kuelewa neno linavyoendelea kufanya kazi. Ukitaka kusubu chuma, yaani kukiyeyusha na kukimimina kipate umbo, lazima kwanza utengeneze kielelezo, kisha kalibu. Ukitoa vipande 200, gharama ya maandalizi inagawanywa kwa 200. Ukitoa kimoja, kinaibeba yote peke yake. Kwa hiyo tangu mwanzo neno lilibeba mambo mawili: kitu hakina pacha, na hakuna utaratibu ulioandaliwa wa kukirudia. Baadaye lilitoka kwenye vyuma likaenda kwenye malipo, matukio, vipindi vya televisheni, hata watu, na kila lilipofika moja ya hayo mawili ikawa na uzito kuliko nyingine. Tofauti hiyo ndiyo utakayoitafuta katika hatua ya 4.

Hatua ya 2: Liandike na ulitamke inavyopasa

Weka kistari: "one-off". Bila kistari, msomaji anaweza kudhani ni kitu kimoja kilichotolewa mahali fulani.

Kosa linaloonekana sana ni "a one of". Linatokana na masikio. Kwa Mwingereza, "of" huishia na sauti ya v, na "off" huishia na f. Wengi wetu tunayatamka yote mawili kwa f, kwa hiyo sikio halitusaidii kuyatenganisha. Tena kuna "one of a kind", yenye maana ya karibu, inayozidi kuwachanganya watu. Ukiona "a kind" au "the" baada yake, andika "of". Ukiona nomino moja kwa moja, kama "payment" au "event", au nukta ya mwisho, andika "off".

Kabla yake inakuja "a", kamwe si "an". Jicho linaona o, lakini ulimi unaanza na w, kama katika "wali". Wingi ni "one-offs". Mkazo nao unahama: likisimama peke yake mwishoni mwa sentensi, mkazo mkubwa uko kwenye "off", likitangulia nomino, unarudi kwenye "one".

Hatua ya 3: Liweke mahali pake katika sentensi

Linakaa sehemu mbili tu. Ya kwanza ni kabla ya nomino: "a one-off payment", "a one-off visit". Ya pili ni kama nomino yenyewe: "The visit was a one-off." Hapa neno "a" haliachwi. Ukiandika "The visit was one-off" utaeleweka, ila sentensi inachechemea.

Halitumiki kama kielezi. "I will pay one-off" ni kosa linalotoka moja kwa moja kwenye "nitalipa mara moja". Sema "I will make a one-off payment", au kwa urahisi zaidi "I will pay once". Kwenye barua za ofisi utakutana pia na "on a one-off basis", ambayo ni sahihi ingawa ina urefu usio na faida.

Halipimwi kwa kiasi. Hakuna "very one-off" wala "more one-off", kama ambavyo hakuna umoja zaidi wa mmoja. Ukitaka kusisitiza, tumia "strictly", "purely" au "a complete one-off".

Fikiria na msomaji wako yuko wapi. Hili ni neno la Uingereza kwa asili. Mmarekani analielewa na siku hizi analitumia, lakini kwenye fedha bado utaona "one-time payment" zaidi kuliko hilo. Afrika Kusini na Ireland watu husema pia "once-off". Ireland ina matumizi yake mengine: "one-off house" ni nyumba ya mtu iliyojengwa peke yake mashambani, nje ya mtaa uliopangwa, na ni neno la kila siku katika mabishano ya vibali vya ujenzi. Ukifasiri habari ya huko ukaandika "nyumba ya mara moja", umeharibu.

Mkataba unaoandikwa na mwanasheria makini hautaliegemea neno hili peke yake. Utasema "a single, non-recurring payment", kwa sababu "one-off" ni la mazungumzo kidogo, na halisemi lini.

Hatua ya 4: Jiulize, ni mara au ni aina?

Hapa ndipo kazi ya kutafsiri inapoanza. Uliza: kinachokanushwa ni kurudiwa, au ni kuwepo kwa kingine kama hicho?

Kama ni kurudiwa, uko upande wa mara. Malipo, ziara, mkutano, kosa, ruhusa: hivi vyote ni "ya mara moja tu", "yasiyojirudia", "kwa mara hii tu".

Kama ni kufanana, uko upande wa aina. Gauni lililoshonwa moja tu, gari lililoundwa kwa oda ya mteja mmoja, kabati la fundi ambalo hutaliona dukani: "cha pekee", "la aina yake", "kimetengenezwa kimoja tu". Kwa bidhaa, "kimetengenezwa kimoja tu" ndiyo tafsiri bora, kwa sababu "cha pekee" wauzaji wameshaichosha. Kila kitu siku hizi ni cha pekee.

Kwa mtu, "She was a complete one-off" ni sifa, mara nyingi ya marehemu au msanii: "Hakuwa na mfano wake", "Alikuwa mtu wa aina yake." Angalia sauti, kwani "yule ni mtu wa aina yake" kwa Kiswahili inaweza kuwa sifa au dongo, kutegemea nyusi za msemaji. Kiingereza nacho kina mchezo huohuo, kwa hiyo mara nyingi unaweza kuuacha utata uende ulivyo. Kwenye tanzia tumia "hakuwa na mfano", usije ukahuzunisha wafiwa.

Kwenye televisheni, "a one-off drama" ni tamthilia inayoanza na kuisha siku hiyohiyo. Sema "tamthilia ya sehemu moja", tofauti na ile ya mfululizo.

Hatua ya 5: Ichunguze "mara moja" kabla ya kuitumia

Kirai hiki kina hatari tatu.

Ya kwanza tumeiona: papo hapo. Hatari inategemea mahali kirai kilipo. Kikifuata kitenzi, hasa cha kuamuru, maana ya haraka inashinda: "njoo mara moja", "lipa mara moja", "ondoka mara moja". Hakuna atakayedhani unahesabu. Kikifungwa kwenye nomino kwa "-a" ya uhusiano, maana ya hesabu inashinda: "malipo ya mara moja", "tukio la mara moja". Kwa hiyo kanuni ya kazi ni kukitoa kwenye kitenzi na kukipeleka kwenye nomino. Badala ya "mteja atalipa mara moja", andika "mteja atalipa ada ya mara moja tu". Neno "tu" lina herufi mbili, na pale linazuia ugomvi.

Ya pili ni "mara moja moja". Ukirudia "moja" unapata kinyume kabisa: kila baada ya kipindi, si mara nyingi, lakini inarudi. "Anakuja mara moja moja" ni mtu wa kuja tena. Kosa la uchapaji hapa linageuza maana yote, na kirekebisha tahajia hakitalikamata, kwa kuwa maneno yote ni sahihi.

Ya tatu iko kwenye dawa. "Kunywa dawa hii mara moja" ina maana tatu: sasa hivi, dozi moja basi, au mara moja kwa siku. Kiingereza cha hospitali hakisemi "one-off" hapo, kinasema "single dose". Andika "dozi moja tu", ongeza "hakuna kurudia" kama ndivyo ilivyo. Kumbuka dozi moja haiufanyi mpango wote kuwa wa mara moja. Albendazole ya minyoo hutolewa miligramu 400 kwa dozi moja, lakini kampeni za kuwapa watoto wa shule hurudiwa mwaka hadi mwaka.

Hatua ya 6: Usichanganye na mkupuo

Hili ndilo kosa linaloingia hata kwenye nyaraka nzito. "Lump sum" ni mkupuo: fedha zote kwa pamoja, bila kukatwa vipande. "One-off" haisemi kitu kuhusu vipande. Inasema wajibu wenyewe hautarudi.

Mwenye nyumba wa Dar es Salaam anayedai kodi ya miezi sita kwa pamoja anadai mkupuo, na baada ya miezi sita atagonga mlango tena. Hiyo ni mkupuo unaojirudia. Kinyume chake ni kodi ambayo serikali ya Uingereza iliyatoza mashirika ya huduma, kama maji na umeme, yaliyokuwa yamebinafsishwa, mwaka 1997. Ilitangazwa kuwa "one-off", ikaingiza takriban pauni bilioni 5, lakini ililipwa kwa awamu mbili: Desemba 1997 na Desemba 1998. Kodi ni moja, malipo ni mawili. Ukiiita "kodi ya mkupuo" umesema uongo bila kukusudia.

Jaribio ni rahisi. Uliza maswali mawili kando kando: italipwa kwa vipande vingapi, na itadaiwa tena? Jibu la kwanza linakupa "kwa mkupuo" au "kwa awamu". La pili linakupa "ya mara moja tu" au "ya kila mwezi". Mkataba mzuri unajibu yote mawili.

Hatua ya 7: Chagua kati ya jirudia, rudiwa na rudishwa

"-siojirudia" ndiyo tafsiri safi zaidi kwa hesabu na ripoti, kwa sababu haina njeo (wakati wa kitenzi) na haina harufu ya papo hapo. Shida yake ni upatanisho, na hapo ndipo watu huteleza: tukio lisilojirudia, malipo yasiyojirudia, mkutano usiojirudia, kipindi kisichojirudia, gharama isiyojirudia, gharama zisizojirudia. "Ya mara moja tu" ni nyepesi zaidi, kinabadilika kihusishi peke yake.

Sasa tahadhari. "Malipo yasiyorudiwa" ni yale ambayo hayatafanywa tena. "Malipo yasiyorudishwa" ni yale ambayo ukishatoa hurejeshewi. Tofauti ni silabi moja, na kisheria ni mbingu na ardhi. Kwenye waraka unaogusa yote mawili, tenga mizizi kabisa: tumia "jirudia" kwa kufanyika tena na "rejesha" kwa kurudishiwa fedha. "Ada hii haijirudii, na haitarejeshwa." Hapo hata anayesoma kwa haraka hababaiki.

Wahasibu wa serikali nao wasichukue "matumizi ya maendeleo" kuwa ndiyo "one-off" kwa sababu tu yamewekwa mkabala na "matumizi ya kawaida". Mradi wa barabara unaweza kulipiwa miaka mitano mfululizo.

Hatua ya 8: Linda njeo

Neno la Kiingereza halina wakati. "The error was a one-off" inasema kosa lilitokea pekee, na inamwachia msikilizaji asikie ahadi ambayo msemaji hakuitoa. Maofisa wa habari wanalipenda kwa sababu hiyo hasa. Kiswahili hakina mlango huo. Kitenzi kinakulazimisha kuchagua:

"Kosa hilo lilitokea mara moja tu." Hesabu ya yaliyopita.

"Kosa hilo halijajirudia." Hadi leo, kesho hatujui.

"Kosa hilo halitajirudia." Ahadi.

Tafsiri ya tatu ndiyo inayovutia, inasikika vizuri redioni, na ndiyo yenye hatari. Imemwekea msemaji ahadi mdomoni. Usiitumie kama chanzo hakijasema "will not happen again". Vilevile "lilikuwa kosa la bahati mbaya" imeongeza udhuru ambao haukuwepo. Kwa habari, ya kwanza inatosha.

Kwa upande wa kukanusha, "This was not a one-off" ina tafsiri nzuri ambayo wafasiri husahau kuwa wanayo kinywani: "Haya hayakutokea mara moja wala mara mbili." Itumie pale ambapo chanzo kinaonyesha kweli yametokea mara kadhaa. Kama kinadokeza tu, sema "halikuwa tukio la pekee".

Hatua ya 9: "As a one-off"

Huu ndio msemo wa kutoa ruhusa nje ya kanuni. Bosi anaandika: "You may leave early on Friday, as a one-off." Tafsiri ya neno kwa neno inazaa kitu kigumu kama "kama tukio la mara moja". Mswahili husema "kwa mara hii tu", na akitaka kukaza anaongeza "isiwe mazoea". Barua rasmi itasema "kwa safari hii pekee" au "bila kuweka utaratibu", na wakili atataka ieleweke kwamba ruhusa hiyo haimpi mwingine haki ya kudai vivyo hivyo. "Isiwe mazoea" inabeba yote hayo kwa maneno mawili, ingawa haivai tai.

Hatua ya 10: Watenge jamaa zake

"Single-use" ni ya kutumika mara moja kisha kutupwa: bomba la sindano, kikombe cha karatasi. Vimetengenezwa kwa mamilioni, kwa hiyo haviwezi kuwa "one-off". Namba ya siri ambayo benki inakutumia kwenye simu nayo ni ya kutumika mara moja, ila kesho utatumiwa nyingine.

"Once in a lifetime" ni nafasi adimu ya mara moja maishani. "Once and for all" ni kumaliza jambo kabisa, lisizungumzwe tena. Hija ni faradhi mara moja katika umri kwa mwenye uwezo, lakini si "one-off", kwa kuwa hakuna anayekatazwa kurudi. Kilichotimia mara moja ni wajibu, safari haikufungwa.

"Off by one", msamiati wa watengeneza programu, ni kosa la kuhesabu likapungua au kuzidi moja. Limefanana kwa sura tu. "Knock-off" ni bidhaa ya kuigiza, karibu kinyume chake kabisa. Na "10% off" dukani ni punguzo.

"Casual job" ni kibarua. Kazi ya mara moja inaweza kuwa kibarua, ila kibarua anayeamkia getini kila asubuhi hafanyi kazi ya mara moja.

Hatua ya 11: Ijaribu kwenye maandishi halisi

Rudi kwenye ile ada ya shilingi 50,000. Kifungu kinachosimama kitakuwa hivi: "Mteja atalipa ada ya kuunganishiwa huduma ya Sh 50,000. Ada hii ni ya mara moja tu katika muda wote wa mkataba, italipwa kwa mkupuo ndani ya siku 7 tangu kusainiwa, na haitarejeshwa." Kimejibu mambo manne ambayo "one-off" ilijibu moja tu: mara ngapi, kwa vipande vingapi, lini, na kama fedha zinarudi. Kama chanzo cha Kiingereza hakikusema matatu ya mwisho, usiyabuni, mwulize aliyeandika. Mara nyingi atagundua naye alisahau.

Sehemu ngumu kuliko mkataba ni menyu ya simu. Ujumbe wa USSD, ule unaofunguka ukipiga namba zenye nyota na alama ya reli, una nafasi ya herufi 182 kwa skrini nzima, na mteja anachagua akiwa amesimama kituoni. Kifurushi kina njia mbili: kinunuliwe leo basi, au kijirudie chenyewe. Ukiandika "1. Nunua mara moja", wapo watakaosoma "nunua sasa hivi" na kubonyeza bila kuangalia namba 2. Andika "1. Mara hii tu", ambayo ni herufi 11 kwa nafasi zake ukiondoa namba, kisha "2. Kila mwezi". Kila chaguo linaeleza mwenzake, na neno "nunua" liweke juu kwenye kichwa cha menyu.